Namna ya Kuandika Habari za Jeshi na Meli za Vita: Mwongozo kwa Vijana wa Kigoma na Tabora

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea daftari lake nimpitishie macho. Alikuwa amekaa na babu yake jioni kadhaa chini ya mwembe, akaandika habari za mzee huyo katika Vita vya Kagera. Kazi ya maana sana. Tukaenda wote kwa mzee, kijana akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika mahali alipoandika "nahodha wetu alituamuru tuvuke," mzee akainua mkono.

"Nahodha? Sisi tulitembea kwa miguu, mjukuu wangu. Meli ilikuwa wapi?"

Yeye alikuwa amesema kapteni. Kijana akaona nahodha ndilo neno lililo safi zaidi, akalibadilisha. Mzee aliendelea kusikiliza, lakini niliona wazi kwamba ametoka ndani ya hadithi yake mwenyewe. Alikuwa anangoja kosa la pili, na lilikuja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kijana yule na wengine kama yeye. Huku kwetu habari za jeshi zimejaa majumbani. Tabora ni mji wa kambi tangu enzi za watemi, na Kigoma ni mahali ambapo stima iliungwa kipande kwa kipande, ikavikwa silaha, ikazamishwa, ikaopolewa, na bado tunaijua kwa jina. Wanaozikumbuka habari za Kagera wameshakuwa wazee. Ukitaka kuandika, anza mapema, na uandike kwa maneno ambayo mwenye habari akiyasikia atajitambua.

Hatua ya kwanza: andika mwaka kabla ya neno

Chora mstari pembeni mwa ukurasa wa daftari. Kila tukio, weka mwaka wake katika nafasi ile ya pembeni kabla hujaandika sentensi yenyewe. Mwaka ndio utakaokuambia mtu uliyenaye aitwe nani.

Kama unaandika habari za miaka ya 1870, Mirambo wa Urambo alipokuwa na nguvu juu ya njia za misafara, wapiganaji wake ni rugaruga. Usiwaite wanajeshi, maana neno hilo litamfanya msomaji aone kombati na namba ya utumishi. Mirambo alifariki mwaka 1884. Miaka michache baadaye Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani pale Tabora, na Januari 1893, alipoona ngome yake inatekwa, alilipua ghala lake la baruti. Andika baruti. Nimewahi kusoma daftari la mwanafunzi lililosema Isike "alijilipua kwa bomu", na neno hilo moja lilimhamisha mtemi kutoka karne yake na kumweka katika taarifa ya habari ya jana.

Ukifika enzi ya Wajerumani, neno ni askari, na vyeo vyao havifanani na vya leo. Kulikuwa na ombasha, ambaye tungemlinganisha na koplo. Shaushi, ambaye ni kama sajenti. Na juu yao sol na efendi. Hayo ni maneno ya Kituruki. Yalifika kwetu kwa sababu Hermann von Wissmann alipoajiri kikosi chake cha kwanza mwaka 1889, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani waliopatikana Misri, na jeshi la Misri lilitumia vyeo vya Kituruki. Ombasha na shaushi wamepotea. Efendi hakupotea: ndiye afande tunayemsikia hadi leo kila kambi na kila kituo cha polisi. Bibi mmoja akikuambia baba yake alikuwa "shaushi wa Mdachi", yaani wa Mjerumani, liandike hivyo hivyo, kisha ueleze katika sentensi inayofuata. Usilifute ukaweka sajenti.

Baada ya hapo walikuja Waingereza na keya, yaani jeshi lao la Waafrika wa Afrika Mashariki. Mzee akisema "nilikuwa keya", anataja jeshi hilo wala si cheo. Tulipopata uhuru mwaka 1961 kikosi cha keya cha Tanganyika kilibadilishwa jina, kikaendelea hadi maasi ya Januari 1964. Hapo uwe makini, kwa kuwa mwezi huo huo kulikuwa na Mapinduzi ya Zanzibar. Yale ya Zanzibar ni mapinduzi, na yale ya askari wa Tanganyika waliokataa amri za maofisa wao Waingereza ni maasi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa JWTZ mwaka 1962, hata kama familia inasema hivyo kwa mazoea.

Jeshi la Kujenga Taifa ni habari nyingine tena. Lilianza tarehe 10 Julai 1963. Kijana aliyepita Bulombora hapa Kigoma au Msange kule Tabora amepita JKT, na hilo peke yake halimfanyi kuwa mwajiriwa wa JWTZ. Mgambo naye ni wa tatu: amepata mafunzo kijijini au mtaani kwake na kurudi shambani. Wengi walioitwa kwenda Kagera walitoka mgambo. Uliza waziwazi, "Uliingia kwa njia ipi?" Wazee hufurahia swali hilo kwa sababu linaonyesha kwamba unajua njia zilikuwa zaidi ya moja.

Hatua ya pili: askari, mwanajeshi, afisa

Mtaani tukisema "askari wamekuja", mtu anafikiria polisi. Tuna askari magereza, askari wanyamapori na askari wa usalama barabarani. Kwa hiyo ukiandika tu "babu alikuwa askari", msomaji wa leo hajui alikuwa wapi. Mwanajeshi ndilo neno la mtu wa JWTZ kwa ujumla wake.

Lakini ndani ya jeshi lenyewe askari lina maana nyembamba zaidi. Utasikia katika hotuba na taarifa: "maafisa na askari". Hapo askari ni wale wasio na kamisheni, yaani idhini rasmi ya kuwa afisa, kuanzia aliyetoka kwenye ukuruta, mafunzo ya mwanzo, hadi sajinitaji. Afisa ni aliyepewa kamisheni, na katikati yao kuna afisa mteule. Mzee akikuambia "mimi nilikuwa askari tu, sikuwa afisa", hajidharau. Anakueleza upande aliokuwepo, na neno "tu" usilikate.

Kuhusu sarufi, askari, afisa, kanali, nahodha na baharia wote ni watu, na upatanisho wao ni wa watu: askari wawili wamefika, kanali yule ameondoka, manahodha walikutana. Ukiandika "askari mbili zilifika" umewageuza kuwa vitu.

Hatua ya tatu: vyeo

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tulia. Ukianzia chini, baada ya askari wa kawaida kuna koplo usu, koplo, sajenti, sajinitaji, kisha afisa mteule daraja la pili na afisa mteule daraja la kwanza. Upande wa maafisa unaanza na luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali na kanali, kisha brigedia jenerali, meja jenerali, luteni jenerali, na jenerali. Neno "usu" linaonyesha daraja lililo chini kidogo ya lile linalotajwa. Usiliache, maana luteni usu na luteni ni watu wawili.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata watangazaji. Meja yuko juu ya luteni, kwa hiyo mtu hudhani meja jenerali naye yuko juu ya luteni jenerali. Ni kinyume chake. Luteni jenerali ndiye mkubwa.

Mtego wa pili ni ule wa nahodha. Nahodha ni neno la Kiajemi lililokuja na pepo za bahari, na maana yake ni mkuu wa chombo cha majini. Timu ya mpira nayo ina nahodha, hilo limeshakubalika. Lakini kapteni wa nchi kavu, yule anayeongoza kombania, hawezi kuitwa nahodha. Na kuna tofauti nyingine: katika majeshi mengi ya wanamaji duniani kapteni ni cheo kikubwa kinacholingana na kanali wa nchi kavu. Ukisoma kwamba kapteni wa wanamaji alikutana na kapteni wa nchi kavu, usidhani ni watu wa daraja moja.

Kamanda vilevile linahitaji uangalifu. Kwetu kamanda ni yeyote mwenye kuamuru: kamanda wa kikosi, kamanda wa polisi wa mkoa. Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyeleta boti za vita katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa na cheo cha wanamaji kinachofanana kimatamshi na kamanda, nacho kinalingana na luteni kanali. Ukiandika "Kamanda Spicer-Simson" peke yake, msomaji atasoma madaraka, hatasoma cheo. Ongeza maneno mawili matatu ya kueleza.

Amiri jeshi mkuu kwetu ni Rais, wala si mkuu wa majeshi. Amiri ni Kiarabu, mwenye kuamuru, na admirali wa Wazungu ametoka katika neno hilohilo lililozunguka bahari ya Mediterania na kurudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Kwa aliyestaafu, andika cheo chake kisha ufupisho (Mst), halafu jina. Cheo hakivuliwi mtu kwa kustaafu. Na unapokwenda kumwona, mwamkie kwanza kama mzee wako, shikamoo, kabla hujamwita afande. Wengine wanapenda kuitwa afande hadi kaburini. Wengine waliliacha jina hilo kambini. Atakuonyesha mwenyewe.

Hatua ya nne: vikosi na silaha

Hili halihitaji maneno mengi. Seksheni iko ndani ya platuni, platuni ndani ya kombania, kombania ndani ya kikosi, vikosi ndani ya brigedi. Brigedi za JWTZ zina majina ya viumbe: ya Tabora ni Brigedi ya Faru, ya Songea ni ya Tembo, ya Zanzibar ni ya Nyuki. Jeshi ni la ngeli ya ji-ma, kwa hiyo jeshi limesonga mbele na majeshi yamekutana.

Silaha zina utamu wake wa kisarufi. Kifaru mnyama hupatana kama mtu: kifaru amepita. Kifaru cha vita ni kitu: kifaru kimepita, vifaru vilivuka mto. Herufi mbili tatu tu zinamwambia msomaji kama tupo mbugani au vitani. Mzinga je? Tabora ni nchi ya asali, na mtu wa Sikonge ukimwambia mizinga ishirini ataona nyuki. Basi taja mara ya kwanza "mzinga wa vita", baada ya hapo hata ukisema mzinga peke yake utaeleweka. Risasi ni ile inayotoka, bunduki ni ile inayoitoa, singe ni kisu kinachofungwa mbele ya bunduki. Ukienda Dar es Salaam uitazame sanamu ya askari pale katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927: bunduki yake ina singe. Kombora haliingii katika habari za 1916.

Hatua ya tano: majini

Sasa tufike ziwani, na hapa nitakaa.

Kwanza jina la jeshi lenyewe. Wengine husema jeshi la majini, wengine jeshi la wanamaji. Yote mawili yanatumika. Mimi huchagua wanamaji, kwa sababu ukimsomea mtoto "jeshi la majini" usiku, kuna majini wengine atakaowafikiria. Mwanamaji ni mtu wa jeshi. Baharia ni mtu anayefanya kazi melini kwa riziki yake, wa mizigo au wa abiria. Mtaani siku hizi baharia amepewa maana nyingine, kwa hiyo katika maandishi ya historia hakikisha sentensi inaonyesha meli. Serahangi ndiye msimamizi wa mabaharia. Rubani zamani alikuwa mjuzi wa njia za maji aliyeingiza chombo bandarini, kabla ndege hazijamchukua.

Pili, chombo. Manowari ni meli ya vita, na ni neno la Kiingereza lililolainishwa na vinywa vya watu wa pwani. Meli asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua, "mail", kwa kuwa meli za kwanza kuitwa hivyo zilibeba posta. Stima ni ya mvuke; huko Kenya wameligeuza likawa umeme. Boti ni ndogo na ina injini, mtumbwi ni mtumbwi. Ukiyachanganya haya habari ya ziwa letu haitaeleweka, na nitakuonyesha kwa mfano.

Huu hapa ni mfano wa sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara: "MV Liemba ilizama mwaka 1916 baada ya kupigwa na manowari za Waingereza."

Ina makosa karibu katika kila neno. Mwaka 1916 haikuwa ikiitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana Mjerumani aliyetawala wakati wa Vita vya Majimaji. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupanda reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Ikaungwa upya hapa hapa na kushushwa majini Februari 1915. Wala haikuwa na haki ya kuitwa MV, kwa kuwa herufi hizo ni za chombo cha injini ya mafuta, nayo ilikuwa ya mvuke hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa injini. Kwa hiyo habari za 1916 ziandike stima Graf von Götzen. Je, manowari? Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Stima iliyofungwa mzinga, basi, ndiyo hali yake. Königsberg ilizaliwa manowari. Götzen ilivikwa silaha ukubwani.

Na Waingereza hawakuwa na manowari ziwani. Walikuwa na boti mbili za injini, kila moja urefu wa mita 12 hivi, zilizoletwa kwa meli hadi Cape Town na kuvutwa kupitia Kongo kwa reli, kwa mito na kwa nguvu za watu na ng'ombe. Ziliitwa Mimi na Toutou. Ni majina ya Kifaransa cha watoto, paka na mbwa. Ukiandika "Mimi ilishambulia", msomaji wetu atashtuka, kwa hiyo kila mara tanguliza neno boti: boti ya Mimi ilishambulia. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka stima ndogo ya Wajerumani, Kingani. Waingereza wakaipa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha stima nyingine, Hedwig von Wissmann, iliyoitwa kwa jina la mke wa yule Wissmann aliyewaajiri Wasudani.

Tazama vitenzi. Kingani ilitekwa. Hedwig ilizamishwa na adui. Götzen je? Wabelgiji, waliokuwa upande wa Waingereza, walikuwa wanakaribia Kigoma kwa nchi kavu, na Wajerumani waliipeleka karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wakazipaka mashine zake grisi ili zisiliwe na kutu, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe kwa mikono yao isije ikatekwa. Kiswahili chetu kimetupa ngazi nzima hapa: kuzama, kuzamisha, kuzamishwa. Ukisema ilizama, umeacha shaka kama ilikuwa dhoruba. Ukisema ilizamishwa, lazima useme na nani. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na mashine zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili. Andika iliopolewa. Nimeona "iliokotwa" na "ilifufuliwa". La kwanza ni la kitu kilichoanguka njiani, na la pili ni la mhubiri.

Basi sentensi ile iwe hivi: "Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe stima yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe, ndiyo hii tunayoijua leo kwa jina la MV Liemba." Ni ndefu zaidi. Lakini sasa ni kweli.

Tatu, sehemu za chombo. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, ndani kabisa chini yanakokusanyika maji ni ngama. Methali inayosema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, inakufundisha yote matatu kwa pumzi moja. Sitaha ni pale juu unapotembea, mkuku ni uti wa chini unaobeba chombo kizima, mlingoti unaujua. Bendera na tanga hutwekwa, kisha hutuliwa. Kwa msiba wa taifa bendera hupepea nusu mlingoti. Nanga hutiwa na kung'olewa. Meli ikifika Kigoma inafunga gatini, lakini vijiji vingi vya kusini ambako Liemba ilikuwa ikisimama miaka yote havikuwa na gati, nayo ilisimama mbali na ufukwe huku mitumbwi ikiifuata. Hapo usiandike "ilifunga gati", kwa kuwa mtu wa kijiji kile atajua hukuwahi kufika.

Upande wa kulia na wa kushoto wa meli uandike hivyo hivyo, ukitaja kwamba unatazama omo. Wengine, wakitaka kuonekana wajuzi, huchukua joshini na demani kutoka kwa watu wa majahazi. Hayo ni maneno ya upepo: joshini ni unakotoka upepo, demani ni unakoelekea. Upepo ukigeuka na pande zinageuka.

Hatua ya sita: wataje waliobeba

Hakuna boti iliyofika ziwani bila mabega ya watu. Hakuna jeshi lililofika Tabora, wala lililoiacha, bila wapagazi. Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Andika waliuteka, usiandike waliukomboa, maana wenyeji wa mji walibadilishiwa tu mtawala. Nyuma ya majeshi yote, la Mjerumani, la Mbelgiji na la Mwingereza, kulikuwa na maelfu ya watu waliobeba unga, risasi na majeruhi, na waliokufa kwa njaa na maradhi.

Mpagazi ni neno la misafara, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kwa hiari yao, kwa ujira na kwa fahari, muda mrefu kabla ya vita. Waliokamatwa na kulazimishwa kubeba wakati wa vita walikuwa katika hali nyingine kabisa, kwa hiyo andika wapagazi wa vita, au wabeba mizigo wa jeshi, na useme kwamba walilazimishwa ikiwa familia ndivyo inavyosimulia. Hamali na kuli ni watu wa bandarini, wa mshahara wa siku. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wabebaji wa Waingereza. Watu hununua vitenge pale kila siku bila kujua wanataja jeshi la watu waliobeba. Majeruhi, kwa njia, ni aliyeumia na bado yu hai. Ninasoma mara nyingi "majeruhi kumi waliokufa papo hapo".

Hatua ya saba: maneno ya kambini

Haya usiyatafute katika kamusi, yapate mdomoni mwa mwenyewe. Muulize mzee siku yake ilianzaje. Atakuambia filimbi, mchakamchaka na nyimbo zake, kisha kwata hadi jua linapochoma. Kuruta ni aliye mafunzoni, hanga ni wanamolala, bwalo ni wanamokula, lindo ni zamu ya ulinzi, doria ni kuzunguka, doso ni adhabu ya mwili. Mtu huenda lindo au hushika lindo. Saluti hupigwa. Kiapo huliwa au huapwa. Ruhusa ni ya siku chache, likizo ni haki ya mwaka, kutoroka ni kosa, na ukichanganya hayo matatu unaweza kumfanya mzee mwaminifu aonekane mtoro mbele ya wajukuu zake.

Akitumia neno usilolijua, mwache amalize sentensi, halafu uliza, "Hilo mlikuwa mnalitumia lini?" Usiulize maana yake moja kwa moja. Ukimuuliza lini, atakupa kisa, na maana itakuja ndani ya kisa.

Hatua ya nane: kabla ya kutoa nje

Andika ya zamani, acha ya sasa. Kikosi kipo wapi leo, kina watu wangapi, kina silaha gani, hayo si ya daftari lako hata kama mzee au mwanawe anayatamka. Usipige picha lango la kambi wala uzio wake; kibao cha ENEO LA JESHI kinamaanisha kilichoandikwa. Picha za zamani za familia ni mali ya familia, omba ruhusa kwa wote wanaohusika. Na pale mzee anaposimulia mwenzake alivyouawa, muulize kama jina liandikwe. Mwenzake ana watoto mahali fulani.

Kisha rudi umsomee yote kwa sauti, polepole. Chukua kalamu ya rangi nyingine ya kusahihishia, na uache kurasa tatu za mwisho wa daftari zikiwa tupu. Kijana wa Ujiji alifanya hivyo mara ya pili. Alisoma "kapteni wa kombania yetu alituamuru tuvuke", na safari hii mzee hakuinua mkono. Alifumba macho. Baada ya muda akaanza kutaja majina ya platuni yake, moja baada ya jingine, na mahali kila mmoja alikotoka: Kasulu, Uvinza, Urambo, Nzega. Kijana aliandika kumi na moja, akageuza ukurasa.